Mjomba Hakufukuzwa

Wanaosema kwamba marehemu Mkaguzi alimfukuza mjomba wa watu siku ya posa ya binti yake, na wakome. Hakufukuzwa mtu. Mgeni mmoja aliombwa kwa adabu atoke nje, na kiti alipewa, tena kile chenye mto.

Jina la Mkaguzi alilipata kazini. Miaka yote alikagua mizani za wachinjaji na wauza nafaka, na imani yake ilikuwa moja: mizani isiyobeba kitu sharti isome sifuri. Alipostaafu, imani hiyo akaihamishia sebuleni. Alijitengenezea kikuza sauti cha utangulizi, kile kidude kinachopokea sauti nyembamba ya santuri na kuinenepesha kabla haijaenda mbele kwenye spika. Kilitumia valvu, zile taa za kioo za redio za zamani. Watu wakimwuliza kina nguvu kiasi gani, alichoka.

"Nguvu hata debe tupu linayo. Niulizeni kinanyamaza vipi."

Transfoma aliitenga pembeni kama mgonjwa wa kikohozi, isije ikaambukiza mngurumo wake. Nyaya za ardhi, yaani za ethi, alizikutanisha mahali pamoja, zisilete mngurumo wao. Valvu alizigonga moja moja kwa penseli, spika zikiwa zimewashwa. "Valvu inayoitika ikigongwa ni mmbeya," alisema. "Itarudia kila inachosikia." Kisha wageni walikaribishwa wasikilize, bila santuri.

"Mmesikia nini?"

"Hatujasikia kitu."

"Ahsanteni sana," alijibu, machozi yakimlengalenga.

Siku ya posa mkewe alimsihi. "Mume wangu, leo tuzungumze harusi tu."

"Tutazungumza. Kwanza wasikie kimya kidogo."

Msemaji wa wageni alikuwa mjomba wa kijana, na bila neno lake hakuna ndoa. Akakaribishwa kiti cha heshima, ubavuni mwa mashine. Mkaguzi akawasha, akangoja valvu zipate moto, akafungulia sauti hadi mwisho. Spika zikanguruma.

Rangi ikamtoka. Akazima friji, akazima feni, akaitoa betri saa ya ukutani. Mngurumo uko palepale. Akapiga magoti, akapitisha sikio kwa wageni mmoja mmoja, nao wakakaa wima wakidhani ndivyo nyumba za wasomi zinavyopokea wakwe. Kwa mjomba akakwama.

"Mzee mwenzangu, ni wewe."

"Nimefanya nini?"

"Unanguruma."

Ilikuwa kweli. Mjomba alikuwa na mazoea ya kuvumisha wimbo puani akiridhika, na nyumba ile ilikuwa imemridhisha.

"Baba," binti akanong'ona, "huyo ndiye msemaji wao."

"Atasema akiwa barazani."

Mjomba akatoka na kiti chake, na uso umemvimba. Spika zikanyamaza kabisa. Mkaguzi akafumba macho kwa raha. Wakwe wakaanza kutafuta viatu. Binti akachukua penseli, akaigonga valvu ya mbele. Spika zikalia kama kengele.

"Baba, hii mpya uliigonga?"

"Nimeichomeka asubuhi kwa heshima ya wageni. Niliona si adabu kuigonga."

"Basi mmbeya ni hii. Mjomba alivumisha kidogo tu, hii ikamtangaza."

Mkaguzi akazima mashine. Alikuwa amewalazimisha wachinjaji wangapi waombe radhi kwa mizani mbovu? Akatoka, akaketi sakafuni mbele ya kiti.

"Mzee mwenzangu, mizani yangu ndiyo mbovu. Nisamehe."

Mjomba akamwinamia. "Kwa hiyo mimi nilisoma sifuri?"

"Hasa."

"Binti tunamchukua. Ila ndani sirudi, huku kuna upepo."

Posa ikamalizwa dirishani, mjomba akivumisha wimbo wake barazani, valvu mpya ikiwa imeng'olewa. Harusi ilifanyika, wajukuu wapo, anayetaka akawahesabu. Ama kwamba kile kiti chenye mto kiko kwa mjomba mpaka leo, familia haina la kusema juu ya hilo, wala haitasema.