Baba Yuko Kwenye Chaji

Mtaa mzima ulimwita Baba Kibibi. Muuza duka, fundi viatu, hata mwenye nyumba aliyekuwa na ulimi wa pilipili, wote walimpa heshima hiyo ya mzazi. Aliyemnyima ni mmoja tu, naye ni Kibibi mwenyewe, binti wa miaka mitatu na nusu. Yeye alimwita Anko.

Msimlaumu mtoto. Baba Kibibi alikuwa fundi wa minara ya simu, kazi ya kupanda juu na mkanda kiunoni na kukaza nati huko wanakopita ndege, siku arobaini porini, siku tatu nyumbani. Alikuja na begi na biskuti, akalala, akaondoka. Wanaume wa namna hiyo Kibibi aliwajua. Kaka zake mama wote walikuwa hivyo, nao wote aliwaita Anko. Asiyekuwepo na lake halipo, walishasema wahenga, wala hawakuwaachia mafundi wa minara nafasi ya kukata rufaa.

Kosa lenyewe lilianzia kwa mama mtu, tena kwa mzaha. Kila jioni simu yake ilipolia alimpa mtoto: "Shika, huyu hapa Baba." Mtoto alishika, akaongea, akacheka. Simu ikiisha chaji, mama aliichomeka ukutani na kusema, "Mwache Baba alale, yuko kwenye chaji." Walicheka mke na mume, mmoja jikoni, mwingine juu ya mnara. Walikuja kushtuka siku Kibibi alipoifunika simu kwa taulo ili Baba asipate baridi.

Sasa kampuni ilikuwa inampeleka fundi nchi jirani, mwaka mzima bila likizo. Kabla ya hapo ilimpa siku tano. Akakata shauri: wataenda baharini wote watatu, mara yao ya kwanza, na huko mtoto atamjua baba yake.

"Siku tano zinatosha," alimwambia mkewe.

"Tuombe Mungu, Baba Kibibi," mkewe alijibu huku akikunja nguo, bila kumtazama.

Hoteli ilikuwa ya watu wa kawaida: vitanda viwili, feni yenye kelele, simu kuukuu ya mezani, dirisha lisilofunga vizuri. Siku ya kwanza mvua ilinyesha kutwa. Siku ya pili jua likawaka, akambeba mtoto mabegani, akamwimbia nyimbo zote alizozijua na mbili alizozitunga njiani, akamnunulia mpira. Kibibi alifurahi, meno yote nje.

"Asante, Anko," alisema, kwa adabu aliyofundishwa na mama yake.

Adabu ile ndiyo iliyomchoma. Mtoto hamshukuru baba yake namna ile. Huupokea mpira na kudai mwingine.

Siku ya tatu mama alijinyoosha kivulini, simu ikiwa juu ya mkoba wake, usingizi ukampitia. Baba Kibibi alipiga magoti akijenga mnara wa mchanga, kazi aliyoiweza, na akajisahau kwa kuiweza. Alipoinua macho, mtoto alikuwa amesimama ndani ya maji yanayomfika magotini, ameinyanyua simu kwa mikono miwili.

"Baba, ona! Bahari hii!"

Wimbi lilimkuta papo hapo. Baba Kibibi alikimbia asijue kama miguu inakanyaga chini. Akamdaka mkono, akamtoa anakohoa, maji yakimtoka puani, akamkumbatia. Ndani ya hofu ile, tuseme ukweli, kulikuwa na furaha kidogo, kwani alidhani sasa amempata. Mtoto alivuta pumzi, akaitazama mikono yake mitupu, akayatazama maji. Kisha akaanza kumpiga makofi ya uso.

"Umemwacha Baba! Anko, umemwacha Baba kwenye maji!"

"Baba ni mimi, mwanangu. Ndiye mimi."

"Wewe Anko!"

Mtoto hakula mchana. Jioni vilevile hakugusa kitu. Alikaa kizingitini akiangalia upande wa bahari na kuuliza kama Baba anajua kuogelea. Mama yake alimweleza ukweli mara tatu, kwa upole, kisha akaingia bafuni akafungulia maji ili asisikike akilia.

Baba Kibibi alijikaza kisabuni mpaka akashindwa. Akashuka mapokezi, akamwomba dada wa pale simu ya mezani, akapiga chumbani kwao. Mkewe alipopokea na kuisikia sauti yake alielewa. Akampa mtoto.

"Haloo, Kibibi," alisema kwa nguvu, kama anavyosema akiwa juu ya mnara, akishindana na upepo.

"Baba? Umetoka kwenye maji?"

"Nimetoka, mama."

"Umelowa?"

"Nimeshakauka."

Kibibi akacheka, kicheko ambacho fundi hakuwahi kupewa ana kwa ana. Dada wa mapokezi aligeuka, akajifanya anapanga funguo.

"Basi njoo."

"Nakuja, mama."

Mtoto akashusha sauti, asije akasikiwa na mtu. "Ukija, Anko ataenda kwao?"

Baba Kibibi alizitazama ngazi za kwenda chumbani. Hazikuzidi kumi na mbili.

"Ndiyo," alisema. "Keshokutwa anaondoka."