Skrubu Niliyoizungusha Kwaya Ikiimba

Siku hizi nikimwona mtu wa kwaya yoyote ya Tororo navuka barabara, na si kwa kiburi, ni haya. Nayaandika jinsi yalivyokuwa, na pale nitakapojipendelea mnisamehe, maana niliishia praimari ya saba na hata kumbukumbu zangu siziamini sana.

Natengeneza redio Busia, upande wa Uganda. Kwenye vyuma chakavu ng'ambo ya mpaka nilipata kioo cha namba cha zamani, vile vioo bapa visivyo na balbu, kioo chenyewe ndicho kinachowaka kijani kikipewa umeme mkali unaokwenda na kurudi upesi sana. Betri ya gari peke yake haikiwashi. Nikakitengenezea saketi: transista mbili, transfoma niliyoisokota kwa mkono (mara tatu, mbili za kwanza ziliungua) na skrubu ndogo ya kuongeza kasi. Ukiongeza kasi kioo kinang'aa zaidi, na transfoma nayo inalia, nziii, kama mbu. Nilijua inalia. Sitasema sikujua.

Nikakifanya saa ya kuhesabu dakika. Kwaya yetu ya Masaba ilikuwa inakwenda mashindano Tororo, na mwalimu wao, Mwalimu Wandera, akawaambia waandaaji waitumie saa yangu, kwa kuwa kwaya haipaswi kupita dakika sita. Nikakubali haraka kwa kupenda sifa. Nilikuwa nimeijaribu dukani tu, mlango umefungwa.

Ukumbi ule una madirisha makubwa, na ilikuwa saa nane mchana. Namba zangu zilionekana kama chaki iliyofutwa. Kwaya za kwanza ziliimba na ngoma, kwa hiyo hakuna aliyeisikia transfoma. Kisha wakapanda watu wetu, na wimbo wao ulikuwa wa sauti tupu.

Lazima nimtaje Nafula. Ndiye kiongozi wa sauti ya kwanza, na alikuwa ameumwa koo miezi mingi mpaka wakubwa wa kwaya wakataka nafasi yake apewe mwingine. Mwalimu akamtetea: "Mwacheni aimbe Tororo. Akishindwa, nitamtoa mimi mwenyewe." Wote tulilijua hilo.

Wakaanza polepole, vizuri kweli. Saa yangu ilikuwa juu ya kiti, hatua mbili kutoka kwa Nafula. Jaji mkuu, mama mmoja wa miwani, akaninyooshea kidole, halafu akazungusha mkono kama anafungua bomba: ongeza. Ningeweza kungoja wimbo uishe, zilibaki dakika nne tu! Lakini nikainama, nikazungusha skrubu kidogo. Namba zikang'aa, jaji akaitikia kwa kichwa, nikazungusha tena, nziii ikapanda, na (naapa) sauti ya kwanza ikapanda nayo, ya pili ikafuata, besi wakawa wanavutwa kama mbuzi anayekataa kamba, Mwalimu anawashusha kwa viganja vyote viwili na wao wanazidi kupanda, nami mjinga nikadhani wamechangamka, nikaongeza tena. Ubeti wa mwisho una mahali pa juu sana. Nafula akapafikia, koo likakwaruza, sauti ikakatika. Mtu mmoja nyuma ya ukumbi akawika kama jogoo. Ukumbi ukacheka.

Waliposhuka Mwalimu akamwambia, bila kupaza sauti, "Nafula, ulisema umepona."

"Nimepona, Mwalimu. Sijui nini ilinivuta."

"Keti, mwanangu. Tutaongea nyumbani."

Ukumbi ukatulia kidogo, ndipo nikasikia: nziii, sauti ileile waliyomalizia. Nikabaki nimekaa. Kwaya iliyofuata ikaimba mpaka mwisho nimekaa, najiambia huenda si mimi, huenda kweli ni koo (na huenda koo nalo lilichangia, sina hakika). Lakini Nafula alikuwa ameinama, anafungua na kufunga kifungo kimoja cha joho, anafungua, anafunga. Nikasimama.

"Mama jaji, si yeye. Ni mashine yangu."

"Mashine inaimba?"

"Inaimba, mama."

Wakacheka. Nikasema nawaonyesha, nikaibeba saa na betri yake mpaka mezani kwa jaji. Macho yote yalikuwa kwangu, nikapapasa skrubu bila kuangalia, nikashika waya wa kioo. Umeme ule hauui, nadhani, ila unauma vibaya: nilipiga ukelele mrefu, mwembamba, wa juu kuliko wote ulioimbwa siku hiyo, nikaangukia nyuma, nikakalia mkoba wa jaji.

"Fundi," akasema, "hiyo ni sauti ya kwanza au ya pili?"

Walicheka mpaka wengine wakajifuta machozi. Nikaizungusha skrubu, safari hii naiangalia. Nziii ikapanda ukumbi mzima, na besi wetu mmoja, bila kujijua, akaanza kuguna nayo, akapanda nayo. Hapo kicheko kikafa.

Jaji alisema sheria ni sheria, kwaya haiimbi mara mbili. Tukawa wa mwisho. Ni haki, nadhani.

Tulipokuwa tunafunga vitu Mwalimu akaniita. "Ile kitu yako ilete mazoezi Alhamisi."

"Ya nini, Mwalimu?"

"Wataimba kando yake mpaka wajue kuikataa. Nafula ndiye ataongoza."

Nafula alinishikia betri mpaka nje. Skrubu nimeimwagia gundi, na sasa mtu akiniambia, "Fundi, ongeza kidogo," namwuliza kwanza ni nani anaimba.