Nani Aliingiza Risasi ya Kwanza

Siku yangu ya kwanza kazini nilipigwa kofi. Nalisema mapema ili ninyi vijana mnaosoma msidhani nitampamba mtu hapa, na mimi mwenyewe simo katika wa kupambwa. Nilikuwa nimepewa kazi ya kutunza depo, ghala la silaha, katika ofisi moja ya mifugo hapa Goma. Silaha zetu hazikuwa za vita. Zilikuwa karabini mbili ndogo tu, za kuua mbwa wenye kichaa na ng'ombe waliovunjika miguu, pamoja na makopo ya masasi yake.

Shefu wa depo, mzee mnene wa Butembo asiyevua koti lake la kaki, alipanga masasi matatu juu ya meza: fupi, ndefu ambayo makaratasi huiita long rifle, na magnum. Watu wa mtaani huziita zote vingt-deux, yaani ishirini na mbili, na kumaliza hapo. Ni kweli ni jamii moja. Hazina kile kitone cha katikati ya kitako ambacho bunduki kubwa hukigonga. Dawa ya kuwasha baruti imefichwa ndani ya ukingo wa kitako, kuzunguka pande zote, na sindano ya bunduki hupiga pembeni. Kwa hiyo ganda lake la shaba lazima liwe jembamba.

Akanipa karabini ya magnum, akaniambia niingize ile ndefu. Ikaingia, ikacheza kidogo ndani.

"Imeingia?"

"Imeingia, Shefu."

"Basi tunaweza kupiga?"

"Tunaweza, Shefu."

Hapo ndipo kofi lilipokuja.

"Kanisani hata mwizi anaingia! Ni padri?" Sikio langu lilikuwa bado linalia alipoanza kunieleza. Ganda la magnum ni nene kuliko la ndefu. Ukiweka ndefu katika chemba ya magnum, lile tundu la kuingizia risasi, inabaki nafasi kandokando, na ikiwaka ganda linapasuka. Moto na vipande vya shaba vinarudi nyuma, kwenye uso wa mpigaji. Kinyume chake hakina hatari, kwa sababu magnum haiwezi kabisa kuingia katika karabini ya ndefu. "Hatari iko kwa ile inakubali," alisema, "si kwa ile inakataa."

Kwa sababu hiyo kitako cha karabini ya magnum kilipakwa rangi nyekundu, na kopo lake pia lilikuwa jekundu. Ile nyingine, ya ndefu, ilikuwa nyeupe pamoja na kopo lake. Na palikuwa na desturi ambayo sikuiona mahali pengine: mtunza depo hamkabidhi mpigaji masasi mkononi tu. Anaingiza ya kwanza yeye mwenyewe, kwa mkono wake, na kutaja jina la risasi hiyo kwa sauti. Likitokea baya, swali la kwanza la Shefu lilikuwa moja tu: nani aliingiza ya kwanza?

Nilipelekwa Kiwanja, mji mdogo kule Rutshuru, na huko nikafanya kazi na Kambale, mpigaji wetu, kijana wa kucheka sana aliyeniita yaya, yaani kaka mkubwa, kwa kuwa nilimzidi miaka miwili. Jicho lake! Alipiga mbwa wa kichaa katikati ya soko, kati ya mafungu ya maharage, na mama muuzaji akaendelea kupima. Huko ndiko tulikojifunza mambo ambayo hakuna karatasi iliyotufundisha. Fupi huingia vizuri katika karabini ya ndefu, upana wa zote mbili ni mmoja, lakini ukizipiga nyingi zinaacha pete ya uchafu ndani ya chemba, na ndefu ikija baadaye inakwama. Nilikuwa nasugua ile pete kwa kitambaa na mafuta huku Kambale akinitania: "Yaya, unaogesha mutoto?" Na tulijua kwamba karabini hizi hazipendi kufyatuliwa tupu, maana sindano hugonga chuma cha chemba na kuharibika.

Kisha ukaja mwaka wa wakimbizi, walipovuka mpaka kwa maelfu na maelfu. Tuliitwa kurudi Goma haraka.

Sitawaeleza yote. Watu walijaa kuanzia Kibumba mpaka Mugunga, kolera, yaani kipindupindu, ikawaingia, wakafa kandokando ya barabara wakiwa wamefungwa katika mikeka yao. Ardhi yetu mnaijua, ni mawe ya volkano, jembe linaruka tu juu yake. Maiti zikangoja magari. Na mbwa wakaja. Mbwa wa watu, wenye kamba bado shingoni, walikuwa wamesahau wao ni wa nani. Ofisi ikatutuma, Kambale na mimi, tukawaue.

Tulitumia karabini nyeupe na zile fupi, kwa sababu nguvu yake ni ndogo na bashe za wakimbizi, yale maturubai ya vibanda vyao, ni nailoni tu, na nyuma ya kila bashe kuna watu. Magnum ingepita mbwa, ingepita bashe, ingemfikia mtoto. Nyekundu tulikuwa tunaiacha ndani ya gari kwa ajili ya ng'ombe, na asubuhi ya siku ile ya mkasa kopo lake lilikuwa tupu.

Mchana, sindano ya nyeupe ilivunjika. Kambale alikuwa ameifyatua tupu mara nyingi akifukuza mbwa kwa mlio wa chuma tu, kwa kuhurumia masasi, na mimi nilimwona nikanyamaza. Tukageuka kurudi garini. Hapo akatushika mama mmoja mkimbizi. Alikuwa na fimbo mkononi, na nyuma yake kulikuwa na mkeka mdogo uliofungwa. Macho yake yalikuwa mekundu kabisa.

"Siku mbili sijalala," alisema. "Nikilala, wanamukula. Muue hata ule mumoja, ule mukubwa. Nilale kidogo tu."

Mbwa mwenyewe alikuwa amekaa hatua thelathini kutoka pale, anangoja bila haraka. Nyuma yake hapakuwa na bashe, ni ukuta wa mawe.

Nilikwenda garini, nikachukua ile nyekundu. Nikatoa ndefu moja katika kopo jeupe. Nikaiingiza. Ikacheza kidogo ndani, sawasawa na ile ya mezani siku ya kofi. Nilijua. Jamani, nilijua! Nilijiambia: ni moja tu, Mungu ataiona huruma yetu.

Jina la risasi sikulitaja. Kambale akaona rangi ya kitako, akaniangalia.

"Yaya, ni yenyewe?"

"Ni yenyewe."

Akapiga. Mbwa alianguka, na Kambale naye akaanguka, ameshika uso, damu ikipita kati ya vidole. Mama yule akasema aksanti kabla hajaelewa ni nini. Halafu akatupa fimbo, akavua kitambaa cha kichwani mwake, akamfunga Kambale jicho la kulia, jicho ambalo halikurudi tena.

Kesho yake niliandika rapore, ile ripoti ya ajali. Shefu wa depo, sasa mzee wa kutembea na mkongojo, aliisoma mara mbili.

"Nani aliingiza ya kwanza?"

"Ni yeye mwenyewe, Shefu. Alichukua mimi nikiwa mbali."

Akagonga muhuri. Kambale akafukuzwa kazi kwa uzembe akiwa bado kitandani, akarudi Kiwanja kulima. Mimi nikapandishwa cheo. Nilitunza depo ile mpaka ilipoporwa katika vita vilivyofuata, nikafundisha vijana wengine, na kila mmoja nilimwambia habari ya ganda na chemba kama mtu mwenye dhamiri safi.

Nimestaafu zamani. Vita vya juzi vilipowasukuma watu wa Rutshuru kuja huku, nilisikia kwamba Kambale yuko Mugunga, kambini, juu ya mawe yale yale. Nilikwenda. Nilimkuta ameketi mbele ya bashe, mzee, jicho moja. Nilipomsalimu, alinijua kwa sauti.

"Yaya Paluku! Kumbe ungali muzima!"

Nikamwambia yote nikiwa nimesimama, maana kuketi kulinishinda. Hakukasirika, na hilo ndilo lililoniua.

"Mimi sikukumbuka kitu," alisema polepole. "Maumivu ilifuta yote. Karatasi ilisema ni mimi. Nikasema pengine ni mimi kweli. Miaka yote hii, mama watoto akiniita mupumbavu, ninaitika." Akageuza kichwa kuelekea ndani. "Mama Furaha! Kuja hapa. Usikie ile muzee anasema."

Mkewe akatoka na ungo wa maharage. Ikanibidi niseme tena, mbele yake, tangu mwanzo. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaweka ungo chini, akaanza kulia, si kwa ajili yangu.

Niliomba msamaha. Kambale akainua mkono kunikatiza.

"Hayo baadaye. Ulijua kuandika ile rapore ya kwanza. Andika ingine."

Ofisi ile haipo tena, wala Shefu, wala muhuri. Kwa hiyo ninawaandikia ninyi. Risasi ilikuwa ndefu, karabini ilikuwa ya magnum. Ya kwanza niliingiza mimi, Paluku, kwa mkono wangu, na nilijua.