Bibi Alipokuja Banda la Mifupa

Likizo ile ya kidato cha tano niliipitisha nikiwa nimevaa koti jeupe. Halikuwa langu, lilikuwa la chuo kikuu, na mikono yake ilinizidi kiganja kizima. Kila jioni nilirudi nalo Tandika, nikalifua na kulipiga pasi ya mkaa ingawa hakuna aliyenituma. Nilipita nalo mitaani nimelivaa, jua kali, jasho linanichuruzika, na koti silivui. Nilikuwa na maringo, nakiri.

Chuo kilikuwa na banda kwenye viwanja vya maonyesho vya Barabara ya Kilwa, nacho kilitafuta wanafunzi wa sekondari walioko likizo wajitolee kuwaeleza wananchi mambo yanayofundishwa huko. Malipo hayakuwepo. Kulikuwa na wali na maharage mchana, na barua siku ya mwisho. Tulikwenda kwa ajili ya barua. Miaka ile hukutoka kidato cha sita ukaingia chuo kikuu hivi hivi. Ulipita jeshini kwanza, ukafanya kazi, kisha watu wakakuandikia mapendekezo kwamba una tabia njema na moyo wa kujitolea. Nami nilitaka udaktari. Kwetu hakuna aliyewahi kuvuka darasa la nane, kwa hiyo sikuwa na mjomba wa kunisemea popote. Barua ile ingekuwa ya kwanza kusema neno juu yangu.

Nilipangiwa mifupa. Katikati ya banda kilining'inizwa kiunzi kizima cha mtu, mifupa ya kweli, imeungwa kwa waya na kutundikwa kwenye nguzo ya chuma. Nilikuwa na fimbo ndefu nyembamba. Hili ni fuvu, nasema, huu ni uti wa mgongo, na huu mfupa wa paja, ambao ni mrefu kuliko yote mwilini. Watoto walipiga kelele. Wanaume walijidai hawaogopi, ila walisimama mbali kidogo na wake zao. Karibu kila mtu aliniuliza kama huyo alikuwa mtu kweli, na nilipojibu ndiyo, amenunuliwa ng'ambo, wengine waliondoka kabla sijafika pajani.

Msimamizi wetu alikuwa mhadhiri kijana, mpole kwa kila jambo isipokuwa foleni. Watu walijipanga mpaka nje ya uzio, wengine wametoka Kisarawe na watoto mgongoni, naye hakuvumilia kuona mtu anarukwa. Siku ya pili alimkuta mwenzetu mmoja akiwapitisha shangazi zake mlango wa nyuma. Alimvua koti pale pale, akampa mkono wa kwaheri, kisha akatugeukia sisi tuliobaki.

"Ujamaa si kujuana," alisema. "Atakayepitisha ndugu yake, barua asahau."

Bibi alikuja siku ya nne.

Huyu ndiye aliyenilea, tangu mama alipoolewa tena na kuhamia Kilwa. Mtaani kwetu alikuwa muosha. Akifariki mwanamke, bibi ndiye aliyefuatwa. Aliosha, akavisha sanda, akarudi nyumbani kuendelea na mchuzi wake. Wengine walimwogopa kwa kazi ile, lakini mimi sikujua bibi mcheshi kumshinda. Kama walivyo mabibi wote wa kwetu, alikuwa mtani wangu. Aliniita mke mwenzangu na kunituhumu kwamba nilimmaliza babu kwa mapishi mabaya, ilhali babu alifariki kabla sijazaliwa.

Nilimwona kupitia mlango wa nyuma, amesimama juani, kashika goti. Magoti yalimsumbua. Ametembea kutoka Tandika, na foleni ile ingemchukua saa nyingi. Msimamizi alikuwa amekwenda kula. Nikaangalia huku na huku, nikamshika mkono, nikamwingiza. Nataka niseme nilimhurumia, na ni kweli, lakini zaidi nilitaka anione na koti.

"Haya, mke mwenzangu," alisema, "nionyeshe hicho unachofundisha."

Nikamwonyesha. Nilianza na fuvu, kwa sauti yangu ya kazini. Bibi hakutazama fimbo. Alikitazama kile kiunzi kutoka juu mpaka chini, uso umebadilika.

"Huyu mtu?"

"Mtu, bibi."

"Nani kamuosha?"

Kwenye karatasi niliyokaririshwa swali hilo halikuwemo.

"Bibi, katoka ng'ambo huyo."

"Kwani ng'ambo watu hawazikwi?"

Wanawake waliokuwa mbele ya foleni wakacheka. Nikaona aibu, nikamgeuzia mgongo, nikaendelea na uti wa mgongo mbele ya wageni wengine. Nilipogeuka tena, bibi alikuwa amevua kanga yake ya kujitanda, amebaki na gauni na kilemba, na ile kanga ameshaifunga kwenye nyonga za kiunzi. Aliifunga upesi, kwa mikono iliyozoea, hata mifupa haikulia.

"Sasa endelea," alisema. "Mtu hakai uchi mbele za watu."

"Hapo sawa," akaitikia mama mmoja kwenye foleni. Mwanamume mmoja akauliza kama bwana harusi kafika, banda zima likaangua kicheko, na katikati ya kicheko hicho msimamizi akaingia.

Alitazama kiunzi. Alitazama kanga. Nadhani alitaka kucheka pia, akajizuia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba."

"Mama, hii ni elimu."

"Nimeiona, baba. Elimu nzuri. Nimeisitiri tu."

Mtu wa katikati ya foleni, aliyekuwa amesimama tangu asubuhi, akapaza sauti kwamba huyo mama hakupanga mstari kama wao, ameingizwa kwa nyuma. Kicheko kikakatika. Msimamizi akatutazama sisi wenye makoti, mmoja mmoja, akaishia kwangu kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa karibu.

"Unamjua huyu mama?"

Bibi alikuwa hatua mbili kutoka nilipo. Nilisikia harufu ya mafuta yake ya karafuu.

"Hapana, mwalimu," nilisema. "Simjui."

Sikukwama hata kidogo. Hilo ndilo linaloniumiza mpaka leo, jinsi neno lile lilivyotoka laini, kama jina la mfupa.

Msimamizi akamgeukia bibi. Bibi alikuwa ameanza kufungua kanga, anahangaika na fundo, hakuinua uso.

"Mie mpita njia tu, baba," alisema. "Niliona mlango wa nyuma u wazi, nikaingia. Msichana wako hana kosa."

Akaikunja kanga, akaiweka begani. Msimamizi alimsindikiza mpaka nje kwa adabu zote, tena akamwonyesha kivuli cha kupumzika. Mimi nilishika fimbo yangu nikarudia kwenye fuvu. Nilisimulia mifupa mpaka saa kumi, na sikukosea hata mmoja.

Barua niliipata, na ilinifaa sana, siwezi kuikana nayo. Lakini jioni ya siku ile ya nne, nilipokuwa narudi Tandika, nilivua koti njiani kwa mara ya kwanza.

Jua lilikuwa bado halijazama. Bibi alikuwa ukumbini, amekaa kwenye mkeka, ungo mapajani, anachambua mchele. Nilisimama mlangoni.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba."

Akaendelea kuchambua. Bibi yule, ambaye aliwahi kumgombeza mjumbe wa nyumba kumi mbele ya wageni wake, hakunigombeza. Nilisubiri, nikaona bora anitukane.

"Bibi, nisamehe."

"Nikusamehe, una nini?"

"Nilisema sikujui."

Hapo akainua kichwa. Alinitazama taratibu, kwa upole, kama unavyomtazama mtu aliyepotea nyumba akabisha hodi kwako.

"Mwanangu, hapa utakuwa umekosea," alisema. "Hapa naishi mie na mjukuu wangu. Naye hayupo, yuko maonyesho anafundisha watu mifupa. Akirudi nitamwambia ulipita."

Kisha akacheka, kicheko chake kile cha utani, mpaka punje za mchele zikaruka kutoka kwenye ungo. Alicheka kweli, hakuwa na kinyongo, nilimjua. Na mimi nilibaki pale pale mlangoni, koti mkononi, nikisubiri aniambie karibu.