Adapta Niliyoinunua Makambako

Ukigeuza adapta yoyote utakuta mchoro mdogo: nukta katikati, nusu duara pembeni, na vistari viwili vinavyoelekea alama ya kujumlisha na ya kutoa. Usitishike. Mchoro unakwambia jambo moja tu: kama chanya ipo ndani ya kile kichwa kinachoingia redioni, au ipo nje. Ukichomeka kinyume, redio nyingine itanyamaza tu hadi ukigeuze kichwa hicho, nyingine itaungua. Nimewaeleza hivyo wanafunzi wengi, taratibu, na sijawahi kumcheka aliyerudia swali. Redio ya mama yangu niliiunguza mimi.

Nilikuwa nafundisha fizikia na kuishi na mama mjini Njombe. Ilikuwa miaka ile nchi ilipofungulia soko huria, vitu vya Dubai vikamwagika hadi kwetu. Redio yake ilikuwa ya zamani zaidi ya hapo. Betri zilikuwa zimevujia ndani, vyuma vikaliwa na kutu, kwa hiyo ilitegemea umeme peke yake. Siku moja umeme ulikatika, ukarudi kwa kishindo, adapta ikafa.

Wakati mwingine tungengoja. Lakini mama mdogo, mdogo wake wa mwisho, alikuwa mahututi Ludewa. Mama alikuwa ametoka kumuuguza, akarudi kwa sababu miguu ilimvimba. Mvua zilikuwa zimeharibu barabara, barua zilichukua wiki nzima, na kijijini kwao simu haikuwepo. Watoto wa mgonjwa walimwambia walipoagana, "Mama mkubwa, likitokea lolote tutatangaza redioni." Basi kila siku, saa ya matangazo ya vifo ilipofika, mama aliacha kila kitu akasogeza kigoda.

"Yule nimembeba mgongoni," aliniambia adapta ilipokufa. "Nikikosa kumtupia udongo sitakaa nisahau. Nenda Makambako."

Nilikwenda Jumamosi. Mwenye duka alikuwa mtu wa pwani mwenye kofia iliyodariziwa kwa mkono na maneno mengi. Akanitolea adapta ya kisasa: volti unachagua mwenyewe kwa kusogeza kitufe, na kichwa unaweza kukichomoa ukakigeuza. Nikaanza kuuliza maswali. Akawageukia wateja wengine.

"Jamani, ningekuwa na wateja wawili kama huyu ningefunga duka nikalime viazi."

"Viazi vina masharti kuliko adapta," nilimjibu. Wakacheka.

"Haya mwalimu, tufundishe," mwenye duka alisema. "Na sisi tufaulu."

Nikawafundisha. Niliwaonyesha kwamba redio ya mama inataka volti sita, na kwamba ukiipa kumi na mbili umeichoma. Mama mmoja aliyebeba pasi mpya aliuliza volti ni nini, nikampa mfano wa maji yanayoshuka kutoka tangi la juu na tangi la chini, akaelewa, nikafurahi. Wakati huo mwenye duka alikuwa amechukua redio ya rafu yake, akageuza kile kichwa ili kiendane nayo, akachomeka. Taa ikawaka, muziki ukalia. Nikalipa, nikaondoka nikiagwa "mwalimu, mwalimu" hadi mlangoni.

Redio ya dukani ilitaka chanya ndani. Ya mama ilitaka chanya nje, na mchoro wenyewe ulikuwa nyuma yake, chini ya vumbi. Sikuufuta. Kichwa kilikuwa kama mwenye duka alivyokiacha. Nilipochomeka, mama akiwa ameshakaa kwenye kigoda, ilisikika *tss* na harufu ya plastiki ikajaa chumbani.

"Ndiyo imepona?" mama aliuliza.

"Bado kidogo, mama. Nitaipeleka kwa fundi."

Jambo hilo lingeweza kuishia hapo. Kuharibu kifaa si dhambi. Huwa nawaambia hivyo wanaojifunza, na naamini. Jirani yetu alikuwa na redio nzima, ukuta kwa ukuta. Hodi moja ingetosha. Lakini mwezi mmoja kabla, jirani huyo alikuja na adapta yake, nami nilimkalisha mezani nikamfafanulia chanya na hasi kwa nusu saa, kwa kalamu na karatasi, hadi chai yake ikapoa. Niliona aibu kwenda kumwambia nimeunguza redio kwa jambo lile lile.

Jioni mama aliniuliza, "Umemwomba jirani atusikilizie?"

"Nimemwomba."

Kesho yake aliuliza tena. Nikasema jirani hajasikia kitu.

Siku ya tatu alikuja mama mmoja wa usharika wetu, khanga mabegani, akasalimu kwa Kibena. "Kamwene, mama. Pole na msiba. Nilisikia juzi redioni nikajua mmeshasafiri, leo naona moshi jikoni kwenu."

Mama hakulia. Aliingia ndani kutafuta viatu.

Tulifika Ludewa siku mbili baadaye, tope hadi magotini. Kaburi lilikuwa limeshapigwa sepetu likasawazishwa, na maua ya juu yameanza kunyauka. Mama alichota udongo akautupa. Mkubwa wa wale watoto alimshika mkono.

"Mama mkubwa, tulitangaza siku mbili. Tulikungoja hadi saa kumi, mvua ikaanza kujikusanya."

"Redio yetu mbovu, mwanangu," mama alijibu. "Na jirani tuliyemwomba hakujali."

Nilikuwa nimesimama nyuma yake.

Tangu turudi Njombe, mama hakumsalimia tena jirani yule. Akikutana naye bombani aligeuza uso. Mke wa jirani alipojifungua, mama, ambaye hakuwahi kukosa uji wa mzazi yeyote mtaani, hakukanyaga. Siku moja jirani alinisimamisha njiani, kofia mkononi.

"Mwalimu, mama nimemkosea nini? Niambie nikamwombe radhi."

"Ni uzee tu," nikamwambia. "Usijali."

Akanishukuru. Mama aliishi miaka sita zaidi, na kwa miaka yote sita hakuitikia hodi ya mtu yule.