Baba, Nina Mpira

Mkonge uliotoka kusagwa una harufu yake, kali na chachu, inayong'ang'ania nguo hata ufue kwa sabuni gani. Baba yangu alikuwa mkata mkonge, na harufu hiyo ndiyo iliyonijulisha kila mwisho wa mwezi kwamba amefika Ngamiani kwa shangazi, nilikokaa ili nisome sekondari. Nilikuwa nikiingia uani naisikia kabla sijamwona, moyo unatulia. Siku nyingine zote nilikuwa peke yangu. Shangazi alikuwa mtu mwema lakini mwenye shughuli zake, na wasichana wa mtaani waliniona kituko: niko kidato cha nne, nimeshampita mwalimu mkuu kwa urefu. Waliniita Mlingoti, kama lile jiti refu linalochomoza katikati ya mkonge uliozeeka. Nilikasirika weee, mpaka nikachoka.

Urefu huohuo ndio ulionipeleka kwenye mpira wa kikapu. Usinione leo napanda ngazi nikihema. Mwaka ule hakukuwa na msichana Tanga nzima wa kunizuia chini ya goli. Sijigambi, nasema kweli. Watu walijaa wakipiga kelele, "Mlingoti! Mlingoti!" Kipenga cha mwisho kikilia, kila mchezaji alifuatwa na mama au dada mwenye kanga ya kumfutia jasho. Mimi nilijifuta kwa shati la shule, nikarudi nyumbani kwa miguu, bila wa kusema naye. Kombe sikulitamani. Nilitaka baba anione, mara moja tu, kabla sijamaliza shule.

Basi alipokuja mara ya mwisho kabla ya fainali nikamwambia, "Baba, Jumamosi ijayo nina mpira. Uwanja wa shule, saa kumi."

Akacheka. "Nitakuja, mama. Nitakuja na machungwa ya timu nzima."

Siku hiyo nilitazama watu kuliko nilivyotazama mpira, na bado nilifunga kuliko wote. Tulishinda. Wenzangu walinibeba juujuu, na kutoka kule juu nikalitafuta shati lake la kanisani, lile la buluu. Halikuwepo. Niliumia, jamani. Niliapa kwamba simsemeshi.

Nilimkuta uani kwa shangazi, baiskeli imeegemea ukuta, mfuko wa machungwa umejaa vilevile, yote yameshamenywa. Kabla sijanuna vizuri akanishika mkono.

"Pole, mama. Nimekaa mwanzo hadi mwisho. Nimewatazama wote saba, na wale wa benchi. Hawakukupanga. Ng'ombe wa maskini hazai, lakini usikate tamaa."

Saba! Wa kikapu ni watano. Kwa baba, msichana akisema mpira ni mpira wa pete, na pete ilichezwa huku mbele, kwenye nyasi. Sisi tulikuwa nyuma ya bwalo, kwenye saruji. Kelele zetu bila shaka alizisikia, akadhani kuna sherehe. Kuuliza si ujinga, lakini angemuuliza nani pale, katikati ya walimu, na viatu vyake vile vya shambani?

Neno lilinifika mdomoni. Lakini alikuwa ameendesha baiskeli tangu asubuhi, na shangazi alikuwa pale anasikiliza. Ningemwambia, angejiona mjinga. Nikaisukuma medali ndani kabisa ya mfuko wa sketi, nikachukua chungwa.

"Ndiyo, baba. Hawakunipanga."

Baada ya kidato cha nne sikucheza tena. Nilikokwenda kusomea unesi hakukuwa na kiwanja, na pale shuleni goli limebaki chuma kitupu. Baba ni mzee sasa, nakaa naye. Harufu ya mkonge imemtoka, ananukia dawa ya kuchua, na naikumbuka ile kali. Binti yangu naye amekuwa mrefu, anacheza kikapu, na watu wa kumfuta jasho tupo. Juzi amerudi analia, ameachwa nje ya timu. Baba akamwita karibu.

"Mama yako naye alipenda mpira. Hawakumpanga hata siku moja, wala hakukata tamaa."

Binti akanigeukia. "Kweli, mama?"

Medali iko kabatini, chini ya kanga.

"Babu yako alikuwepo," nikamwambia. "Alikaa mwanzo hadi mwisho."