Miaka Minne au Sita

Barua mbili za kukubaliwa kusomea udaktari zilinifikia wiki moja, nikiwa tayari nina shahada ya uuguzi na kazi katika zahanati moja ya Diani. Chuo cha Nairobi kilinitaka nianze upya, miaka sita, lakini ningerudi Msambweni kila likizo. Cha ng'ambo kilikuwa cha watu wenye shahada, miaka minne, na ukishaondoka hurudi mpaka umalize.

Baba, karani mstaafu wa ofisi za Kwale, alizisoma zote mbili kwa rula, mstari kwa mstari. Alipomaliza aliuliza, "Ipi inakwisha mapema?"

Nikamwambia. Kesho yake akauliza tena, na kesho kutwa pia. Baba hakuwa mtu wa kuuliza jambo mara mbili, nami subira sina. Nilidhani ananihesabia umri wa kuolewa. "Shule nitasoma mimi, baba," nikamjibu kwa ukali unaonichoma mpaka leo.

Lakini nilikuwa nimeshaanza kuona. Mahamri aliyamega akayaacha. Weupe wa macho yake ulikuwa umeingia manjano. Alikwenda Mombasa mara mbili, eti kumtazama ndugu yake, na huyo ndugu hakutuletea hata salamu. Mgonjwa wa namna hiyo angekuja zahanati ningempapasa ini kabla hajamaliza kujieleza. Babangu nilimpelekea chai nikaondoka. Niliogopa, basi.

Ijumaa moja akaniambia, "Nimekuswalia istikhara, mwanangu, Mungu atuonyeshe lenye heri. Moyo umetulia kwenye ile ya miaka minne."

Nikadhani nimeelewa. Anataka kuniona daktari, na sita hawezi kuifikia; minne huenda. Nilikubali kwa ajili hiyo tu. Mchana huo huo niliithibitisha nafasi ya ng'ambo kwenye simu, nikaikataa ya Nairobi, nikaenda kumwonyesha barazani.

"Ya Nairobi huwezi kuirudia tena?" aliuliza.

"Nimeshaikataa, baba. Haifunguki."

"Alhamdulillahi." Akashusha pumzi. "Sasa kaa nikwambie. Daktari wa Mombasa hakunipa hata mwaka."

Nilimuuliza hiyo minne basi ni ya nini, ikiwa hataiona. Nilikuwa nikipiga kelele, na mama aliyekuwa akikuna nazi jikoni akaacha kukuna.

"Nairobi ni karibu," baba akasema. "Ungeteremka kila nikilazwa, mitihani ingekupita, mwisho ungebaki hapa kunikosha. Nakujua. Huko huwezi."

Nilimchukia kwa muda ule, nasema kweli. Nikaushika mkono wake, ulikuwa mwepesi na wa moto, nikamuuliza kama istikhara nayo ndiyo iliyomwambia anifiche.

"Sikuiswali," akasema. "Niliogopa moyo ungeelekea wewe ubaki."